Huzuni Haikuwa Alama Moja

Wiki jana nilipandisha video ya dakika moja na nusu. Hakuna muziki, hakuna uso wangu. Ni ukungu tu ukitoka bondeni asubuhi hapa Ainabkoi, na sauti yangu nikisoma shairi kuhusu buda wangu. Komenti ya kwanza kuingia ilikuwa hii: "Bro, wanaume wanalima, hawalii na miti." Ikapata laiki nyingi kuliko video yenyewe.

Nilicheka, sitadanganya. Halafu kesho yake nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikakamua ng'ombe, nikapeleka maziwa, nikalima hadi jua likawa kali. Ndiyo nimerudi kuandika hii. Kwa hivyo, bro, nimelima. Sasa tuongee.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili usiskroli bure. Vijana wa huku tumebeba misiba mingi kuliko tunavyosema, na shairi ni mojawapo ya vitu vichache vya bure tulivyo navyo vya kuibeba. Lakini litakusaidia tu likiwa na udongo wa kwenu ndani yake. Shairi la huzuni ambalo lingeweza kuandikwa na mtu yeyote, mahali popote, bado hujaliandika wewe.

Nianze shuleni, kwa sababu nafikiri huko ndiko tulipotezewa njia.

Kama ulifanya Kiswahili hadi kidato cha nne, unaijua Karatasi ya Tatu. Unapewa shairi. Labda ni la mama aliyefiwa na mwanawe. Unasoma haraka haraka kwa sababu saa inakimbia, halafu maswali yanaanza. Bainisha bahari ya shairi hili. Eleza jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Andika ubeti wa tatu kwa lugha tutumbi. Na pale chini kabisa: taja toni ya shairi, alama 1. Unaandika "toni ya huzuni", unawekewa tiki, unasonga mbele kwa fasihi simulizi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza huzuni. Alama moja. Nilihesabu mizani za watu waliokuwa wanalia na hata siku moja sikujiuliza kama walikuwa wanalia kweli. Simlaumu mwalimu. Alikuwa na silabasi ya kumaliza na darasa la watu zaidi ya hamsini. Lakini tulitoka pale tukiamini kwamba shairi ni kitu cha kuchanganuliwa, kama chura wa maabara. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja tungelihitaji.

Mimi nililihitaji Aprili, nikiwa mwaka wa pili chuoni.

Buda aliondoka usiku wa Jumamosi. Mtu akifa kwetu, watu wanakuja, na hapo sina lawama kabisa. Hema linafika, viti vya kukodi vinafika, majirani wanaleta sufuria zao, chai haiishi. Watu ambao hawajaongea na baba yako miaka mitano wanachangia sukari. Siku ya mazishi kijiji kizima kiko kwenu. Siku ya tatu baada ya mazishi, lori limeshabeba hema, na pale lilipokuwa limesimama kuna pembe nne za nyasi zilizolala, zimegeuka manjano. Mimi nafikiri kifo kinaanza hapo. Kabla ya hapo ni shughuli.

Watu wazima waliponiaga, karibu wote waliniachia neno moja: jikaze. Walimaanisha vizuri. Lakini hebu lisikilize hilo neno. Linakuambia uvute kila kitu ndani, ufunge, ukaze. Halikuambii utafungua lini.

Sikurudi chuo. Karo ilikuwa shida, na shamba lilikuwa na viazi tayari ardhini na ng'ombe wasiojua kwamba mwenyewe hayupo. Siku za kwanza nilikuwa naongea na watu wachache sana. Marafiki wa chuo waliandika "pole sana msee" kwenye grupu, wakaweka emoji ya mikono, halafu maisha yakaendelea kule na mimi nikabaki huku. Upweke wa namna hiyo hauna kelele. Simu iko na chaji, bando liko, na hakuna mtu wa kupigia.

Ndipo nikajaribu kuandika. Shairi langu la kwanza lilikuwa baya sana. Lilikuwa na "bahari ya machozi". Lilikuwa na nyota iliyozimika, mawimbi yanayopiga moyo, na meli bila nahodha. Wasee, mimi bahari nimeiona kwa simu. Bahari pekee nilizozijua vizuri ni zile za mtihani: tathlitha, tarbia, takhmisa na wenzake. Nilikuwa nimeazima huzuni ya mtu wa Lamu nikaivaa juu ya gumboots. Nililisoma mara mbili na sikuhisi kitu, kwa sababu baba yangu hakuwamo. Baba yangu hakuwahi kupanda meli. Alipanda viazi.

Shairi la pili lilikuja Julai, wakati wa kuchimba, na sikulipanga. Nililiandika kwa simu nikiwa nimekaa juu ya gunia, mikono ikiwa na matope. Ni hili:

Baba, viazi vimekomaa.
Nimechimba mistari yote uliyopanda.
Ule wa mwisho haukupandwa,
ulisema tutaumaliza Jumatatu.
Jumatatu zimekuja kumi na nne.
Magugu yamejaa pale
na sijayang'oa.

Hakuna vina. Mwalimu angeniuliza mizani ziko wapi. Lakini hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na siri yake si kipaji. Nilitaja tu kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Ule mstari wa magugu ulikuwa unasema yote niliyokuwa nikiyatafuta baharini.

Jioni hiyo nilimsomea mama, jikoni. Mama si mtu wa mashairi. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua kichwa. Nikamaliza, akanyamaza muda mrefu hadi nikajuta kusoma. Kisha akasema, "Lakini ule mstari hakutaka kuweka viazi. Alitaka kuweka minji."

Hilo tu. Ila tulikuwa tumekaa zaidi ya miezi mitatu bila kumtaja mezani. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Usiku huo tulikaa hadi saa tano. Nilisikia mambo ya baba yangu ambayo sikuwahi kuyajua. Sasa niambie kama kulia na miti ni kupoteza muda.

Ninapoandika "vijana wa huku" simaanishi mimi peke yangu. Angalia tunapoishi. Ukishuka kutoka Timboroa, pale juu kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,700, kwa barabara kuu ya kwenda Eldoret, unapita Burnt Forest. Sikiliza hilo jina: mji umeitwa kwa msitu ulioungua. Mapema miaka ya 1990 watu waliuana na kufukuzana pale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ikatokea tena, na Uasin Gishu ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi nchini. Sisi tulio na miaka ishirini na kitu tulikuwa watoto wadogo sana. Tulikua katikati ya watu waliopoteza nyumba, majirani, ndugu, na ambao wakiulizwa wanasema, "Hayo yalipita." Wengi wetu tunajua kuna mahali shambani ambapo msingi wa nyumba upo lakini nyumba haipo. Nyasi zimepanda juu ya saruji. Hakuna anayekueleza.

Na hapa lazima nikubali kwamba washairi wa zamani wa Kiswahili walifika mbele yetu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaitazama Pate, mji uliokuwa tajiri ukaanguka. Hamalizi kwa kusema "nina huzuni". Anakutembeza ndani ya majumba yaliyokuwa na taa na wageni, uone popo na ndege ndio wenye nyumba sasa. Una miaka kama mia mbili. Shuleni tungeulizwa ni bahari gani. Hakuna aliyetuambia, "Nendeni mkautazame ule msingi wenye nyasi, mwandike mlichoona."

Mfano wa karibu zaidi. Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum na kocha wake Gervais Hakizimana walifariki kwenye ajali ya gari upande wa Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24. Miezi minne tu nyuma alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Alizikwa Naiberi, huku kwetu. Mnakumbuka wiki hiyo. Kila mtu alipandisha picha yake na zile namba, 2:00:35. Mimi pia nilipandisha. Namba ni nzuri, zitakaa kwenye vitabu. Lakini huku asubuhi tunasikia wakimbiaji kabla ya kuwaona: viatu kwenye barabara ya vumbi, pumzi, kundi zima linapita kwenye ukungu halafu kimya kinarudi. Wiki hiyo kuna mtu alisimama langoni pake akasikiliza kundi likipita likiwa pungufu. Huyo mtu alikuwa na shairi mkononi. Sisi tukaandika namba, tukaweka mshumaa wa emoji, na baada ya wiki mbili tukahamia kwa jambo lingine.

Halafu kuna watu wanasema kuandika mambo ya miti na mvua ni tabia za kizungu, za watu wa kupiga picha machweo. Hapo nacheka kabisa. Hebu angalia kitambulisho chako. Kwa Wakalenjin, Kiprop au Cherop ni mtu aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kibet au Chebet alikuja mchana. Kipkoech au Chepkoech alikuja kukipambazuka. Kiplagat au Chelagat alikuja jioni. Kiprono, mbuzi wanarudi nyumbani. Na si sisi peke yetu: Wafula na Nafula kwa Waluhya, Okoth na Akoth kwa Waluo, Mumbua kwa Wakamba, wote wana mvua ndani ya jina. Kogo wangu hajui neno "mazingira", lakini alipokuwa anawapa watoto majina aliangalia nje kwanza. Hali ya hewa ilikuwa inaandikwa juu ya mtu siku ya kwanza ya maisha yake. Sasa kwa nini siku ya mwisho tusiangalie nje? Siku ya kumzika buda kulikuwa na kamvua kembamba, kale kasikokulowesha lakini hakaachi. Nimekaandika. Watoto wangu watajua.

Sasa nijibu maswali magumu, kwa sababu najua yanakuja.

La kwanza: "Si mnauza huzuni tu mpate vyuzi?" Swali ni halali na nitajibu bila kujificha. Video yangu ya kueleza mbolea ya mahindi ilitazamwa na watu wachache sana. Ya shairi la buda ikatazamwa mara nyingi zaidi. Na usiku huo nilijikuta nimelala chini ya blanketi nikiangalia namba zikipanda, nikifurahi, kisha nikakumbuka namba hizo zinapanda kwa sababu ya nani. Nilizima simu. Tangu siku hiyo nina sheria moja: sipandishi shairi lolote la huzuni kabla ya kumsomea mtu mmoja aliye mbele yangu, mwenye sura. Kama siwezi kumsomea mtu mmoja, basi silo shairi bado, ni tangazo.

La pili: "Miti haikujibu." Kweli, haijibu. Sitaki kumdanganya mtu kwamba msitu unakupenda. Mwaka huohuo sakitu ilishuka usiku mmoja ikaunguza majani ya viazi vya jirani kana kwamba mtu ameyamwagia maji moto, na haikuuliza kama yeye pia amefiwa. Asili haina huruma. Ila ina kitu kimoja ambacho binadamu wengi hatuna: haikuharakishi. Mtarakwa umekaa pale miaka kuliko umri wa babu yako na haujawahi kumwambia mtu ajikaze. Ng'ombe anataka kukamuliwa leo na kesho, uwe umelia au hujalia. Kwarara, wale ndege wa kelele, watapita alfajiri wakipiga makelele yao hata ukiwa huna hamu ya kuamka. Mimi nilihitaji kitu kinachoendelea bila kunisukuma. Nilipata ndege na ng'ombe.

La tatu, na hili ni zito: shairi si dawa. Kama umefika mahali ambapo hutaki tena kuwepo, tafadhali weka simu chini, acha kutafuta vina, na umwambie mtu leo. Mama, rafiki, muuguzi, mchungaji, yeyote atakayekaa na wewe. Shairi litakungoja.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaoandika mtandaoni. Kuna fasheni ya upweke sasa hivi. Kijana peke yake kilimani, hudi kichwani, maneno yanasema hakuna anayenielewa. Inavutia macho, nakubali. Lakini upweke ukiupamba sana, utataka kukaa nao. Abdilatif Abdalla alifungwa jela kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi aliyoiita Kenya: Twendapi?, akiwa hajafika hata miaka 25. Akawekwa peke yake. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki. Huyo alikuwa mpweke kweli, kwa amri ya serikali. Mimi ninachokiona pale ni kwamba zile karatasi zilikuwa zinatafuta mlango. Mtu anayeandika kwa siri gerezani anaamini kuna msomaji huko nje, hata kama hamwoni. Kama yeye aliamini hivyo akiwa ndani ya kuta nne, wewe uliye na simu na bando una kisingizio gani?

Kwa hivyo ninachokuomba si kikubwa. Usianze na "moyo wangu". Anza na kitu kimoja kilichobaki mahali pale alipokuwa: jembe, kikombe, njia aliyoikata kwenye nyasi akienda kazini, mti aliokataa ukatwe. Kama unaishi mjini na huna shamba, usiseme huna asili. Kapsoya kuna mvua juu ya mabati. Pipeline kuna mchicha unaota kando ya mtaro. Taja jina lake halisi. Usiweke waridi kama kwenu hakuna waridi. Usijali vina siku hiyo. Vikija vyenyewe, karibu. Ukimaliza, mtafute mtu mmoja umsomee, na uvumilie kile kimya kitakachofuata. Usikijaze kwa maneno. Mtu akikaa kimya kama mama yangu, mara nyingi anatafuta cha kukupa.

Wiki hiyohiyo ya ile komenti, niliandikiwa inboksi na msee wa bodaboda ambaye simjui. Alisema ameisikiliza video akiwa amesimama steji, mvua inanyesha, hana abiria. Alisema ndugu yake alikuwa akipanda miti na kuna mmoja uko nyuma ya nyumba ambao hakuna anayeugusa. Aliuliza, "Hiyo inaweza kuwa shairi?"

Nikamjibu: tayari ni shairi. Niandikie ni mti gani.

Bado hajajibu. Nangoja, sina haraka.

Na ule mstari wa mwisho, kwa wale watakaouliza: mama aliung'oa magugu mwenyewe mwezi wa Agosti, akaweka minji. Zimetoa maua meupe. Zile nyasi za pale hema lilipokuwa zimesimama tena, sijui zilisimama siku gani. Bro wa komenti, ukipita barabara ya huku, karibu uone. Nitakupa jembe kwanza, kisha nikusomee kitu.